Kuchora mazimwi ukiwa Kirumba, Mwanza

Mdogo wangu, umesema kila zimwi unalochora linatoka kama joka la Wazungu, na mama anaogopa majirani watasema umeingia kwenye ushirikina.

La mama ni dogo. Mkalishe akuone ukichora hatua kwa hatua. Wangu aliishia kuniambia meno ya jini nimeyapinda vibaya (alikuwa sahihi).

La majoka ndilo zito. Nenda mwaloni alfajiri, mtafute samaki aitwaye kamongo. Ana mapafu kama wewe, mapezi yake ni kama kamba, na maji yakikauka hujizika matopeni akasubiri mvua. Mchore kama alivyo, mara ishirini hivi, mpaka mkono umjue. Kisha mkuze awe kama mtumbwi, umlaze chini ya sakafu ya nyumba ya kupanga, mvua za masika zimeanza. Tayari nimeogopa! Joka la kuigiza halinitishi kwa sababu sijawahi kulala karibu nalo.

Usiku usio na mwezi tazama pia taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Mji mzima unaelea, na hujui nani anaishi humo.

Mchoraji Goya wa Hispania alichora picha zake 14 za kutisha, ziitwazo “picha nyeusi”, kwenye kuta za nyumba yake mwenyewe, kati ya 1819 na 1823. Wewe usiguse ukuta wa mwenye nyumba. Wino ukiwa ghali, tumia mkaa wa jikoni, kisha pulizia dawa ya nywele kwa mbali usifutike.