Pumzi Huvutwa, Haichukuliwi

SWALI: Mwalimu wetu wa baiolojia husema "diaframu", kitabu kinasema "kiwambo". Lipi sahihi? Na mkufunzi wetu wa mazoezi hutuambia "chukua pumzi ndefu". Ni Kiswahili hicho? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kiwambo. Limetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya mzinga wa ngoma, na msuli huo ndivyo ulivyo: umewambwa kati ya kifua na tumbo, umebinuka juu mfano wa kuba. Daktari akisema diaframu simgombezi, mradi mgonjwa amwelewe.

Sasa huyo mkufunzi. Chukua pumzi! Aichukue wapi, rafuni? Pumzi huvutwa, hushushwa, hubanwa, hukatika. Tangu lini ikachukuliwa kama chenji dukani? Hicho ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu, na ubaya wake ni kwamba kinaificha kazi yenyewe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kiwambo nacho kikijikaza huvuta kwake, yaani chini. Kuba linashuka sentimita 1 au 2 ukiwa umetulia, na linaweza kufika 10 ukivuta kwa nguvu zote. Papo hapo misuli iliyo kati ya mbavu inaziinua na kuzitanua. Kifua kikipanuka, kanieneo ya ndani, yaani mgandamizo wa hewa, inakuwa ndogo kuliko ya nje, na hewa inaingia, kama nusu lita kwa pumzi moja ya kawaida. Mapafu hayana msuli wa kujitanua, yanakokotwa tu. Vuta ni vuta kweli.

Akishakuamuru "uchukue", anaongeza: "Ingiza tumbo, inua mabega!" Mtihani juu ya mtihani. Ukilibana tumbo, vilivyomo ndani havina pa kusogea, basi kiwambo hakishuki vizuri. Unabaki kuvuta kwa misuli ya shingo, ambayo ni ya dharura. Ndiyo ile inayotutumka kwa mwenye pumu aliyebanwa. Lala chali, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu, uvute pumzi taratibu kwa pua. Mkono wa kitovuni ndio upande zaidi. Ukipanda wa kifuani peke yake, umefundishwa na yeye.

Kutoa pumzi ukiwa umetulia hakuhitaji nguvu: kiwambo kinalegea, mapafu yananywea kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Ndiyo maana tunasema kushusha pumzi, na pumzika ni ndugu wa pumua. Misuli ya tumbo huitwa kazini ukikohoa, ukipuliza zumari, au ukimfokea mkufunzi.

Kiwambo kikishtuka ghafla na koo likajifunga, hiyo ni kwikwi. Neno zuri, linajisema lenyewe. Hilo bado hawajatutafsiria.