Nilimdhulumu mjane: je, huruma ya Mungu bado ipo kwangu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Mimi ni mvuvi, mwalo wa Igombe. Mashine ya boti tulinunua nusu kwa nusu na mwenzangu. Alipofariki, nilimwambia mke wake kuwa mashine ilizama ziwani, kumbe nimeiuza. Mama yule amerudi kwao Ukerewe na watoto. Nimekwisha kuungama mara mbili, ila kila akinipigia simu kuulizia narudia uongo uleule. Juzi kwenye mkutano wa injili pale Kirumba mhubiri alisoma Waebrania 10:26, kwamba tukifanya dhambi kusudi baada ya kuijua kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi. Tangu hapo silali. Je, mlango umeshafungwa? Na saruji niliyotoa kujenga kigango chetu, Mungu hawezi kuihesabu kwenye hilo deni?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Nianze na usingizi wako. Mlango haujafungwa. Katekisimu, namba 982, inasema hakuna kosa, hata liwe zito vipi, ambalo Kanisa haliwezi kuliondolea.

Sasa hilo andiko. Mhubiri amelisoma sawasawa, lakini ameanzia katikati. Rudi mstari mmoja nyuma: mwandishi anawaonya watu walioanza kuacha kukusanyika. Kisha shuka hadi mstari wa 29, anamtaja mtu aliyemkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu yake kuwa kitu ovyo. Huyo ni mtu anayemkana Kristo na kumpa kisogo. Anayemkataa Mwokozi atapata wapi dhabihu nyingine? Wewe unaandika usiku ukimtafuta Mwokozi huyohuyo. Hamfanani.

Na usidhani hofu yako ni mpya. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote wa dola ya Roma watolee miungu sadaka na kupewa hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi walitoa sadaka. Wengine walinunua hati tu, kwa hongo. (Kununua hati hakukuanza kwetu.) Dhuluma ilipopoa walirudi wakilia. Padre mmoja wa Roma, Novatiani, akashikilia kwamba hao wasipokelewe tena, wakaonane na Mungu wenyewe. Askofu Sipriani wa Karthago na Papa Korneli wakakataa: wapitie kitubio, kirefu na kichungu, kisha warudi mezani. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika kanuni ya 8, ukawadai wafuasi wa Novatiani, kama wanataka kurudi, wakubali kushirikiana na hao walioanguka. Kama kumkana Kristo mbele ya hakimu kuliondolewa, mashine ya boti itashindikana?

Lakini sitakuacha hapo, maana ulichonificha katikati ya swali ndicho kinachokunyima usingizi kuliko Waebrania. Umeungama mara mbili, na fedha bado iko kwako. Ulipopiga magoti, ulikusudia kuirudisha? Jibu hilo mwambie padre wako, si mimi. Kama hukukusudia, ulileta majuto nusu, na nusu nyingine ukaiacha mwaloni. Maondoleo huondoa dhambi, Katekisimu namba 1459 yasema, ila hayatengenezi yote yaliyoharibiwa na dhambi. Kilichoibwa kinarudishwa kwa mwenyewe. Watoto wale hawali maondoleo yako.

Tazama Petro, mvuvi mwenzako. Alimkana Bwana mara tatu akiwa anaota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu. Baada ya ufufuko, kando ya ziwa la Tiberia, Yesu alikuwa amewasha moto wa makaa, samaki juu yake. Akamlisha kwanza. Ndipo akamuuliza mara tatu, "Wanipenda?" Hakumwambia yaishe tu, na wala hakumfukuza. Huruma ilimrudisha Petro palepale alipovunjika, ikamkabidhi kondoo wa kulisha.

Zakayo hakuambiwa alipe. Bwana alipoingia tu nyumbani mwake, mwenyewe akasimama akasema atarudisha mara nne. Sheria ya Musa, Hesabu 5:7, inadai kiasi kamili pamoja na sehemu ya tano juu yake. Mimi ningekushauri uanzie hapo: nusu ya bei uliyouzia, na sehemu ya tano. Halafu ukumbuke kwamba mashine ile ingemwingizia mama yule fedha miaka yote hii. Hilo likusumbue kidogo, si vibaya.

Kuhusu saruji, hapana. Soma kitabu cha Yoshua bin Sira sura ya 34: anayetoa sadaka kutoka mali ya maskini ni kama anayemchinja mtoto mbele ya baba yake. Maneno makali, najua, nami nisingethubutu kuyatunga. Hata makuhani waliomlipa Yuda walisema si halali kuvitia vile vipande vya fedha katika sanduku la hazina. Kigango chenu kitapata saruji nyingine.

Huna lazima ya kujitangaza mbele ya ukoo. Ukishindwa kupanda meli ya Nansio, huko Ukerewe, na kumkabili, mwombe padre unayeungama kwake afikishe fedha bila kutaja jina. Ni jambo linalofanyika, na siri ya kitubio inakulinda. Ingawa kwa maoni yangu wewe uende, kwa sababu umemdanganya kwa mdomo wako, na simu zake hazitakoma mpaka asikie kweli kwa mdomo huohuo. Kama huna kiasi chote, lipa kwa awamu, anza na mauzo ya wiki hii. Na akipiga kabla hujaenda, pokea, mwambie unakuja.