Zinki miligramu 50 asubuhi na jioni? Soma hapa kwanza

Mkuu, weka hiyo chupa chini. Umeandika nywele zinakatika, mafua hayaishi, muuzaji kakwambia umeze zinki ya miligramu 50 asubuhi na jioni "mpaka mwili ukae sawa", nawe unauliza chapa ipi bora na umeze kabla au baada ya kula. Dozi hiyo hiyo nimeimeza miezi 14.

Juu yake niliweka vidonge vya kuongeza kinga, navyo vilikuwa na zinki 15. Jumla 115 kwa siku. Mwanaume anahitaji 11, mwanamke 8, na mtu mzima hatakiwi kuvuka 40, chakula na vidonge kwa pamoja. Sikujumlisha hata siku moja.

Ilianza ganzi kwenye vidole vya miguu, nikalaumu viatu. Ikafika mahali umeme ukikatika usiku siwezi kutembea bila kupapasa ukuta. Siku moja natoka dukani, mtoto wa jirani ananikimbilia na kandambili yangu mkononi: ilikuwa imenivuka mguuni njiani na sikuhisi kitu. Hospitali wakakuta damu 7.9. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, haikupanda. Wakapima sukari, wakapima VVU, wakanichoma sindano za vitamini B12, wapi! Na chembe nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa, zilikuwa zimeshuka.

Daktari wa tatu akasema, "Kesho njoo na kila unachomeza, hata mitishamba." Nikamwaga mfuko mezani. Akachukua kalamu, akaandika ubavuni mwa boksi: 50 + 50 + 15. Kisha akaagiza kipimo cha shaba. Majibu yakarudi chini kabisa.

Ndiyo, shaba. Mwili unaihitaji kidogo sana, haifiki hata miligramu 1 kwa siku, ila ikikosekana damu haitengenezwi sawasawa na mishipa ya fahamu inaharibika. Zinki ikizidi, seli za utumbo hutengeneza protini inayoinasa shaba. Seli zikibanduka, shaba inaondoka nazo chooni. Kwa dozi ile, hata vyakula vyenye shaba nyingi kama maini na korosho havifui dafu.

Anayeniuma mpaka leo ni yule muuzaji. Nilimpigia nikamwambia miguu inakufa ganzi. Akanijibu, "Hiyo ni sumu inatoka, ongeza dozi." Bila hata kusita! Mtu anaishi kwa kamisheni, hajawahi kushika jibu la maabara, anakupangia dozi kwa WhatsApp. Nilipoacha zinki na kupewa shaba, damu ilirudi ndani ya miezi 2. Miguu haijarudi yote. Unyayo wa kushoto bado uko kama nimevaa soksi nene.

Kwa hiyo zinki ya vidonge lazima iwe na jumla na tarehe ya mwisho. Jumlisha chupa zote, na usome zinki yenyewe: zinki salfeti miligramu 220 ina zinki 50. Mtoto anayehara anapewa dozi ndogo kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini), basi. Hiyo inaokoa watoto, usimnyime wako kwa sababu ya kisa changu. Ya kwako inaisha lini? Mwambie muuzaji akuandikie tarehe.

Na yeyote anayesoma hapa ambaye anameza dozi kama hiyo kwa miezi na ameanza ganzi, aende hospitali kesho asubuhi, na chupa zote kwenye mfuko.