Jikoni kwa Shangazi: Mboga Zaoza na Friji Imejaa

Meseji za mwezi huu karibu zote zalia kilio kimoja, joto. Nimetoa chache nizijibu hapa, wengine mtanisubiri toleo lijalo inshallah. Na walioniuliza habari za samaki, hapa leo ni shamba tu.

*

*Asalaam aleikum Shangazi. Mimi niko Langoni, Amu. Nanunua mboga mara moja kwa wiki nikisikia mzigo wa Mpeketoni umeshuka. Nikifika nyumbani naosha vyote, mchicha, dania, tungule, hoho, naweka kwenye friji. Siku ya tatu mchicha ushakuwa uji na dania nyeusi. Friji mpya na yapiga baridi sawasawa. Nakosea wapi?*
Mama wa Wanne, Lamu

Waaleikum salaam mwanangu. Friji haina kosa, shida iko hapo uliposema "naosha vyote". Mboga ya majani ukiiosha halafu ukaifungia na maji yake, yale maji yanakaa katikati ya majani hayana pa kutokea, na bakteria na ukungu hawataki zaidi ya hapo. Usioshe mpaka saa ya kupika. Ukifika na kapu lako cha kwanza fungua zile kamba za mafungu, manake katikati ya fungu ndo joto huanzia na ndo majani hulala kwanza, toa yale yaliyochubuka na ya manjano, kung'uta maji (wauzaji wetu nao hunyunyizia kutwa ili mboga isinyauke, siwalaumu) kisha tandaza kwenye sinia chini ya feni mpaka pakauke. Hapo chukua kipande cha kanga kuukuu, safi na kikavu, funga majani yako weka droo ya chini. Dania kama ina mizizi isimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo, mizizi tu ndo iguse maji, na ubadilishe maji kila siku.

La pili, angalia hao majirani uliowapa mchicha wako. Embe, ndizi, papai, parachichi, vyote hivi vikiiva vyatoa gesi inayoitwa ethilini, huioni wala huinusi, na hiyo ndo inayogeuza majani na matango kuwa manjano kabla ya wakati. Matunda yaliyoiva yawe rafu ya juu, mboga droo yake, msichanganye.

Tungule zitoe kabisa humo ndani mwanangu. Tungule ambayo haijaiva vizuri ikipata baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi haiivi tena sawasawa, inabaki na unga unga mdomoni na ladha yote imekwenda, halafu twalaumu mbegu za siku hizi. Weka kwenye sinia mahali pa kivuli pana upepo, moja moja zisilaliane, kikonyo chini. Ikishaiva sana na hujaitumia, hapo sawa, iingize friji siku mbili tatu.

Kuhusu kununua kwa wiki, wengine watakwambia nunua kila siku, mimi sikwambii hivo, naijua Amu, mzigo mpaka upande gari ufike Mokowe uvuke na boti ubebwe na punda, siku ukija bora uchukue. Ila panga ulaji. Siku ya kwanza na ya pili ni za majani, mchicha, mnavu, matembele. Halafu bamia na biringani na hoho. Karoti, kabichi na boga ziwe za mwisho, kabichi zima kwenye friji hukaa hata wiki kadhaa na boga zima halitaki hata friji. Wengi wetu twafanya kinyume, kabichi lapikwa Jumatatu kwa sababu ni rahisi, mchicha wabaki mpaka Alhamisi.

*

*Shangazi mimi ni bachela, napanga chumba Muyeye hapa Malindi, sina friji. Nimeona video ya mtungi ndani ya mtungi na mchanga mbichi katikati, wasema yafanya kazi ya friji bila stima. Nijaribu?*
Bachela wa Muyeye

Kijana wangu, video haidanganyi, ila haikukuambia hewa ya huko ikoje. Mtindo huo ulitiwa nguvu na mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, miaka ya 1990, na ulisaidia sana wakulima wa kaskazini ya nchi ile. Kule ni kukavu. Mtungi hupoa kwa sababu maji ya kwenye mchanga yanakuwa mvuke, na yakienda huchukua joto. Sasa hapa kwetu pwani hewa yenyewe ishajaa maji, nguo tu zachelewa kukauka, huo mvuke utaingia wapi? Utapata ubaridi kidogo, ukiuweka penye upepo na kivuli, lakini friji usitarajie. Kama mitungi unayo tayari jaribu, usitoe pesa kwa ajili yake.

We una bahati moja ambayo mwenzio wa Amu hana, soko la Malindi liko karibu na mama mboga wako hapo nje. Nunua ya leo. Mwambie akupe nusu kabichi, si aibu. Sukuma simamisha vikonyo kwenye kopo la maji, itafika kesho jioni ikiwa hai. Vitunguu tundika kwenye kikapu kinachopitisha hewa, na viazi uviweke mbali na vitunguu, gizani.

Na jambo ambalo mabachela wote mwalifanya: acha kukatiwa sukuma pale kibandani. Najua ni raha, anaikata nyembamba kama uzi na wewe unafika unatia sufuriani. Lakini kila jani likikatwa vitamini C yaanza kupotea, halafu wewe ukifika nyumbani waiosha ikiwa ishakatwa, vitamini zilizobaki na asidi ya foliki zinaondoka na maji ya kuoshea, na kile kisu na ubao hujui vimepita wapi tangu asubuhi. Chukua majani mazima, yaoshe mazima, kata mwenyewe, tia sufuriani papo hapo. Dakika tano tu.

Mboga ya nazi ikibaki usiilaze. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto letu la kaskazi hata hizo mbili ni nyingi. Pika kidogo umalize.

*

*Shangazi, embe za sokoni siku hizi nje manjano tupu zapendeza, ndani nyeupe, ngumu, chachu. Nasikia zatiwa dawa. Nitazijuaje?*
Msomaji wa Barani, Malindi

Yanayosemwa ni kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ikikutana na unyevu yatoa gesi ya asetilini ambayo inaigiza ile ethilini niliyoitaja juu, ngozi ya embe inageuka rangi haraka na ndani bado mbichi. Ubaya wake si ladha tu, kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na hizo si za kuchezea. Lakini nisikudanganye, kwa macho huwezi kusema hii imetiwa na hii haikutiwa. Embe iliyochumwa changa nayo huiva vibaya hivo hivo bila dawa yoyote. Embe zikitokea sokoni kabla ya msimu, zote rangi moja sawasawa, na ukizinusa hazina harufu, mimi napita na njia yangu.

Tena wacheni kuchagua embe kwa rangi. Embe aina ya ngowe ikiiva kweli hugeuka rangi ya chungwa, hapo rangi yasaidia, lakini kent huweza kuiva na kubaki na kijani chake, na apple ina wekundu wa jua tangu ikiwa ngumu. Angalia mabega, pale kwenye kikonyo pawe pamejaa na kuinuka, si pameshuka. Nusa hapo hapo. Ibebe, iwe nzito kuliko ulivyodhania.

Dawa ya haya yote ni kununua zilizokomaa zikiwa bado ngumu ukavundika mwenyewe kama walivyofanya bibi zetu. Boksi la karatasi au kapu, tandika magazeti, panga embe zisibanane, weka na ndizi moja mbili mbivu, funika na gunia, kagua kila siku. Siku tatu mpaka tano harufu itakwambia. Usivundike ndani ya plastiki ukaibana, zitatoa jasho zioze. Na mbichi usiingize friji, baridi inazuia kuiva na ngozi inafanya madoa. Ikishaiva ndo iingie. Utomvu wa kwenye kikonyo uoshe kabla hujamenya, wengine huwatoa vipele mdomoni wakafikiri ni embe yenyewe.

*

*Kuosha matunda kwa sabuni ya vyombo ni sawa? Na tikiti maji lina haja ya kuoshwa na hata ganda haliliwi?*
Wa Gongoni

Sabuni hapana, matunda yana vitundu vidogo vidogo yanainywa, na haikutengenezwa kuliwa. Maji safi yanayotiririka na mkono wako wasugua, yatosha. Kama ni ya kisima na huna hakika nayo, mboga za kuliwa mbichi, kachumbari na saladi, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Tikiti lioshe, tena sana. Limelala chini shambani, limerushwa kwenye lori, na kisu kikipita ganda kinaingia na uchafu wote mpaka kwenye nyama, na nyama ya tikiti haina uchachu wa kuzuia vijidudu. Likishakatwa ni friji au liishe. Vile vipande vya barabarani vinavyopigwa jua tangu saa nne asubuhi mie sivili. Kuchagua: lipindue, lile doa la tumboni lililolalia mchanga liwe manjano iliyoiva, likiwa jeupe lilichumwa mapema.

*

*Shangazi Ramadhani yaja. Nataka kusaga thomu na tangawizi ya mwezi mzima nitie mafuta kwenye chupa ikae kabatini. Dada yangu asema itaharibika. Nani kweli?*
Bint Mambrui

Dada yako, na msikilize vizuri kwa hili, si la mzaha. Thomu mbichi ndani ya mafuta, nje ya baridi, ndo mahali bakteria wa botulizimu wanapopenda, hawataki hewa, na mafuta yamewafungia hewa. Sumu yao hainuki wala haibadilishi rangi, na huua. Saga ndio, ila tia kwenye vile visahani vya kugandishia barafu, weka friza, zikiganda zitoe uweke kwenye kopo la kufunika, kila siku watoa kipande kimoja watia sufuriani. Ya friji bila kugandisha iwe ya siku tatu nne basi. Thomu nzima na maganda yake haitaki hata friji, itundike pakavu.

Tui nalo vilevile. Likunwe, likamuliwe, la kwanza na la pili mbali mbali, gandisha kwa mafungu ya kupikia mara moja. Tui likikaa nje tangu adhuhuri likifika magharibi lishaanza kuchacha. Kuchagua nazi, tikisa usikie maji, na yale macho matatu yawe makavu, yakiwa na unyevu au ukungu rudisha.

*

*Binti yangu amerudi likizo kutoka Nairobi, asema mchicha wa nazi una mafuta mabaya, tuchemshe tu na chumvi. Nimekasirika kidogo Shangazi.*
Mama wa Shela, Malindi

Usikasirike dada yangu, ana nusu ya haki. Tui lina mafuta mazito na mwenye kuambiwa na daktari apunguze apunguze. Lakini mchicha una karotini, ile mwili waigeuza vitamini A, na hiyo bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Kuchemsha na chumvi peke yake ukamwaga maji ni kumwaga chakula. Kwa sufuria ya watu watano, mchicha mafungu manne, tui la pili ndo lipikie na la kwanza kikombe kidogo tu mwishoni, moto mdogo, lisikatike. Usiufunike ukaondoka ukaenda kuzungumza na jirani, dakika nane kumi zautosha mchicha mchanga. Ukishaepua kamulia ndimu, vitamini C ya ndimu yasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, na chai iachwe kwanza, inywewe baadaye, manake chai yayazuia hayo hayo.

Kisamvu ni kesi nyingine, hicho kitwangwe na kichemshwe sana bila haraka, majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sayanaidi. Asije akakipika dakika kumi naye.

*

*Viazi vimeota na vingine vina kijani. Nikimenya vyaliwa?*
Wa Mkomani, Lamu

Kikiwa na kijani kidogo upande mmoja, kata nene hapo na chimba jicho lililoota, kilichobaki chaliwa. Kikiwa kijani kingi, au kimenyauka kina miche mirefu, au ukionja ni chungu, tupa, ile sumu yake iitwayo solanini haitoki kwa kupika. Vimeona mwanga. Viweke gunia mahali pa giza, na usikimbilie friji, kiazi cha friji wanga wake wageuka sukari na chipsi zako zitakuwa nyeusi kabla hazijaiva ndani.