Maswali Yenu: Je, Shahada ya Uhandisi wa Kemikali Hurudisha Gharama Yake?

Katika majuma haya ya kuchagua kozi, barua nyingi zilizonifikia hapa Kisumu zimeuliza juu ya uhandisi wa kemikali. Nimechagua tano ambazo naamini majibu yake yatawafaa wengi.

Mwanangu alipata alama ya A- na anataka kusomea uhandisi wa kemikali. Nina ekari moja na nusu ya miwa, na shemeji yangu ananishauri niuze nusu yake ili karo isitusumbue. Je, nifanye hivyo? (Mama mzazi, Kakamega)

Mama, nakuomba usiuze shamba kwa sasa. Sisemi hivyo kwa kuidharau kozi, bali kwa sababu gharama yenyewe hujaijua bado, na ardhi ikishauzwa hairudi. Kwa mfumo ulioanzishwa mwaka 2023, mwanafunzi aliyepelekwa na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, katika chuo kikuu cha umma huomba ufadhili wa serikali pamoja na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na kile kinachobaki ndicho hulipwa na familia kulingana na uwezo wake. Mfumo huo umepingwa mahakamani, kwa hiyo hesabu yako uijenge juu ya barua ya udahili atakayopewa mwanao, wala si juu ya maneno ya majirani.

Mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tuseme amalize masomo akiwa na deni la shilingi 300,000 na alilipe kwa miaka mitano: kila mwezi atatoa takriban shilingi 5,500. Mwenye mshahara anaweza kulibeba deni hilo, ila anayezunguka na bahasha akitafuta kazi litamwelemea, kwa kuwa asiyelipa wakati wake unapofika hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi katika barua yoyote ya karo, nayo ni miaka. Shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano, ilhali stashahada huchukua takriban mitatu. Ikiwa mwenye stashahada angepata, kwa mfano, shilingi 30,000 kwa mwezi, miaka miwili ambayo mwanao atakuwa angali darasani ina thamani ya shilingi 720,000. Fedha hizo huweza kurudi, kwa kuwa mhandisi hupanda vyeo ambavyo fundi hufungiwa mlango, lakini hazirudi katika mwaka wa kwanza wa kazi, na mara nyingi hata katika wa tatu bado. Shamba lako lihifadhi hadi mwaka wa nne na wa tano, wakati kijana anapohitaji nauli, chumba karibu na kiwanda anakofanyia mafunzo, na vifaa vya mradi wake wa mwisho. Mafunzo hayo ya viwandani mara nyingi hayana malipo, na nimewaona vijana hodari wakiyakatiza kwa kukosa kodi ya nyumba ya miezi mitatu.

Kwani uhandisi wa kemikali na kemia si kitu kimoja? Na kama viwanda vya huku vimefungwa, tutafanya kazi wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Webuye)

Mwanangu, mkemia huchunguza jinsi dutu moja inavyogeuka kuwa nyingine, mara nyingi katika chombo kinachoshikika kwa mkono. Mhandisi wa kemikali hulichukua badiliko hilo na kulifanya litokee kwa tani nyingi, mchana na usiku, bila mtu kuumia na bila hasara. Lifuate trela la miwa linapoingia kiwandani utaelewa. Miwa husagwa, maji yake husafishwa kwa chokaa na joto, kisha hupitishwa katika mitungi iliyopangwa mfululizo ambamo mvuke unaotoka katika mtungi wa kwanza ndio unaochemsha wa pili, na wa pili ukachemsha wa tatu, ili joto moja lifanye kazi mara kadhaa. Shira nzito inayobaki hupikwa katika ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, hadi ikaganda chembechembe, halafu mashine zinazozunguka kwa kasi hutenganisha sukari na molasi. Makapi ya miwa huchomwa ili kuzalisha mvuke na umeme, na molasi hupelekwa kuchachushwa ili itoe spiriti, kama ifanyikavyo Muhoroni na hapa Kisumu. Kila hatua katika safari hiyo ina swali ambalo mhandisi wa kemikali hulipwa kulijibu: joto kiasi gani, muda gani, na sukari inapotelea wapi.

Kuhusu viwanda kufungwa, wewe wa Webuye huna haja ya kuhadithiwa. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilisimama mwaka 2009, kiwanda cha sukari cha Mumias kikawekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa wawekezaji binafsi. Siwezi kumwambia mzazi yeyote kwamba ajira katika sekta hii ni ya uhakika, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Ninachokiamini kwa dhati ni kwamba aliyejua vizuri mvuke, pampu, uvukizaji na udhibiti wa mitambo huhama na ujuzi wake, kwa sababu kanuni zinazoiongoza sukari ndizo zinazoongoza maziwa, bia, mafuta ya kupikia na maji ya mji. Anayeumia zaidi ni yule aliyekijua kiwanda kimoja tu na hakuzielewa kanuni zake.

Niko Nakuru. Je, hapa kuna kazi za fani hii? (Mhitimu wa kidato cha nne)

Zipo, na baadhi hazina jina la kemikali mlangoni. Olkaria, karibu na Naivasha, imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, na Menengai visima vya mvuke huo vimechimbwa juu ya mji wenu. Maji yatokayo huko chini hubeba silika, madini yaliyomo katika mchanga, ambayo huganda ndani ya mabomba, pamoja na gesi yenye harufu ya yai viza ambayo ni hatari kwa wafanyakazi. Kuyadhibiti hayo ni kazi ya mhandisi wa kemikali. Ongeza viwanda vya sabuni, mafuta ya kupikia, mbolea na maziwa. Kabla ya kujaza fomu, omba kutembelea kimojawapo hata kwa saa mbili. Kama joto na kelele za mitambo zitakukimbiza, ni heri ujue mapema.

Nimesoma kwamba wahandisi wa kemikali Marekani hulipwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Je, nikisoma nitafika huko? (Msomaji, Kisumu)

Takwimu hiyo ni ya kweli: Mei 2023 mshahara wa kati, ambao nusu ya wahandisi hao hupata zaidi yake na nusu pungufu, ulikuwa dola 112,100. Hata hivyo, huo ni mshahara wa soko lenye viwanda vikubwa vya mafuta, plastiki na dawa, na mtu hawezi kuchukua mkopo wa shilingi kwa matumaini ya mshahara wa dola. Nawe unayewaza Ujerumani, ambako vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo, fahamu kwamba tangu Septemba 2024 mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida hutakiwa kuonyesha euro 11,904 katika akaunti maalumu kwa gharama za mwaka mmoja.

Mimi ni fundi mwenye stashahada, nina miaka 31 na watoto wawili. Nimefanya kazi kiwandani kwa miaka saba. Je, nirudi kusomea shahada? (Fundi, Muhoroni)

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonishughulisha zaidi, kwa sababu unachokihatarisha ni mshahara unaolisha nyumba. Kwanza, tazama kama cheo unachokitaka kinadai kweli usajili wa Bodi ya Wahandisi, EBK. Kwa mujibu wa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, hadhi ya mhandisi mtaalamu hupatikana kwa shahada inayotambuliwa na bodi hiyo na angalau miaka mitatu ya tajriba baada ya kuhitimu. Ukianza leo na kusoma miaka yote mitano, utakuwa umekaribia miaka arubaini kabla ya kuifikia. Kama kiwandani mwako msimamizi wa zamu hupandishwa kwa uzoefu, mimi ningebaki kazini na kuongeza vyeti vya usalama, boila na udhibiti wa mitambo.

Kama shahada ni lazima, mambo mawili yatabadilisha hesabu yako: mwajiri kukuruhusu kusoma bila kukuachisha kazi, na chuo kuhesabu stashahada yako ili usianzie mwaka wa kwanza. Thibitisha na EBK kwamba programu hiyo inatambuliwa, kisha peleka nakala za matokeo yako kwa mkuu wa idara na umwombe akuandikie kwa barua utaanzia mwaka upi, kabla hujalipa hata shilingi moja ya ada.