Re: Wajukuu wamegoma kucheza jianzi, mabibi wanacheza peke yao

Mambo mkuu. Nimekusoma, yaani hapo Guangzhou, China, jioni mabibi wanapiga danadana kwa jianzi, ile ya manyoya inayopigwa kwa mguu isianguke chini, wajukuu wako pembeni na simu, ukiwaita wanapiga mara moja ikianguka wanasepa. Yalinikuta hayohayo nikiwa nafundisha watoto huku.

Kwanza cheki jianzi yenyewe. Zile nyepesi za plastiki zinayumba na upepo, mtoto hana muda wa kuikimbiza. Mimi nilimuomba bibi mmoja aje na mkasi atengeneze ya kizamani, sarafu yenye tundu la mraba katikati, kitambaa, manyoya ya jogoo, basi watoto wakaacha simu wenyewe kila mtu anataka yake, na kitu umeshona kwa mkono wako hukitupi hovyo.

Halafu usiwaingize kwenye duara la wazee mapema, wale wanapiga mpaka unachoka kuhesabu, mtoto anaona aibu tu. Funga jianzi na uzi, ashike uzi mkononi apige na upande wa ndani wa mguu. Baada ya wiki mbili hivi ndo uwachanganye, bibi na mjukuu timu moja. Wa chini ya miaka sita sijawahi kuwajaribu.