Kabla hamjapanua kanisa, hesabuni magari saa tatu na nusu

Jumapili ya kwanza baada ya kuwekwa wakfu jengo letu lililopanuliwa, mahubiri yalikatishwa mara tatu. Umeme haukukatika, wala hakuna aliyeanguka. Mzee wa zamu alipanda mbele na kikaratasi: "Mwenye IST rangi ya fedha anaombwa akaisogeze, kuna mama muuguzi anawahi zamu." Wakanyanyuka watu wanne. Dakika kumi baadaye ikaitwa Noah nyeupe. Kisha IST ya fedha tena, nyingine kabisa, na safari hii hakuna aliyenyanyuka kwa sababu kila mmoja alidhani anaitwa mwenzake.

Katibu wa kamati ya ujenzi nilikuwa mimi. Kazi yangu ni uhasibu, uhandisi siujui, na pengine ndiyo maana nilikosea kwa ujasiri. Naandika haya kwa sababu ndugu wa sharika mbili jirani, hapa hapa Dar es Salaam, wamenipigia wakiuliza habari za mapaa na vioo. Hakuna aliyeuliza magari yatakaa wapi.

Sisi tulianza na viti. Jengo la zamani lilikuwa la watu 350, wengine wakisali chini ya turubai, tukataka 800. Msanifu akachora. Eneo lililobaki nyuma ya jengo, mita 40 kwa 32, akaliandika "maegesho" akaendelea na mambo yake. Baba Mchungaji akaniuliza kikaoni, "Katibu, magari yatatosha?" Nikatoa simu nikapiga hesabu: nafasi ya gari moja ni mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Eneo letu ni 1,280. Gawanya, unapata 102. Kikao kikapiga makofi, ikaandikwa kwenye muhtasari.

Magari 102 yanaingia pale kweli, mkiyapanga kama mabati dukani. Nilisahau kwamba gari linahitaji pa kupita na pa kukata kona. Ukiegesha kwa pembe ya mraba, kati ya safu mbili zinazotazamana unahitaji njia ya mita 6 hivi ili mtu arudi nyuma bila kugusa wa upande wa pili. Kwa hiyo safu, njia, safu ni 5 na 6 na 5, jumla mita 16. Kwenye mita 32 zinaingia seti mbili, safu nne, kila safu magari 16. Hapo ni 64. Njia ya kuunganisha seti hizo mbili ikala nafasi 6, shimo la maji taka likala 4, mwarobaini ukala 2. Zikabaki 52. Karibu nusu ya makofi yale.

Kwa hiyo ukitaka hesabu ya haraka kikaoni, gawanya eneo lenu kwa 25, kamwe usigawe kwa 12.5. Kiwanja kikiwa na kona za ajabu gawanya kwa 30. Na kama eneo ni jembamba, laza nafasi kwa pembe ya nyuzi 45 au 60 na magari yapite upande mmoja tu. Njia inapungua, mita 4 hivi zinatosha, ingawa kila gari linakula urefu zaidi wa ukuta.

Swali la pili ni mnahitaji nafasi ngapi, na hapa msinakili. Katika miji mingi ya Marekani kanisa hudaiwa nafasi moja kwa kila viti vitatu au vinne. Kwa viti 800, tukichukua vinne, ni nafasi 200, mita za mraba 5,000, zaidi ya ekari nzima ya magari matupu. Kwetu nusu ya watu wanashuka kwenye daladala, wengine wanatembea, na Noah moja inaleta baba, mama, bibi, watoto wanne na binti wa jirani. Uwiano wenu mnao wenyewe, getini kwenu. Uhesabuni.

Tulipokuja kuhesabu, baada ya aibu, tuliwapa vijana wa kipaimara daftari na kalamu. Kila robo saa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa saba mchana, waliandika magari yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyo ndani, pamoja na bajaji na pikipiki. Jumapili nne, mojawapo ikiwa ya Meza ya Bwana. Mavuno na Mitende tuliziandika pembeni, maana ukijenga kwa ajili ya Mavuno utakuwa umejenga stendi.

Nilitegemea kilele kiwe katikati ya ibada ya pili, ambayo ndiyo kubwa. Kumbe ilikuwa saa tatu na nusu, wakati ibada ya pili haijaanza. Wa kwanza hawajaondoka, wa pili wamekwisha kufika. Na wa kwanza hawakuondoka kwa sababu ya mnada.

Asiyesali kwetu nimweleze kidogo. Ibada ikiisha tunatoka nje kwa wimbo, tunasimama duara, na sadaka zilizoletwa kwa vitu zinanadiwa: kuku, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, maboga. Jogoo wa shilingi elfu ishirini anaweza kufika laki moja na nusu, watu wakinunua na kumrudisha anadiwe upya. Ni raha, ni mapato, na siwezi kumshauri mtu yeyote auondoe. Ila duara letu lilikuwa linasimama mbele ya njia pekee ya magari kutoka. Nilipima kwa saa: magari yale 52 yalichukua dakika 25 kutoka Jumapili yenye mnada mnono. Jumapili ya mvua, mnada ulipofanyiwa ndani, yalitoka kwa dakika 9.

Tulichofanya hakikugharimu mfuko hata mmoja wa saruji. Duara likahamia chini ya mwarobaini, upande usio na njia. Ibada ya pili ikasogezwa nusu saa mbele, na wanakwaya wa ibada ya pili wakaombwa wasiingize magari kabla ya saa nne kasorobo. Wanakwaya walinuna miezi miwili hivi. Lakini wale vijana walipohesabu tena, kilele kilikuwa kimeshuka kwa magari 19. Nafasi 19 kwa mita 25 ni karibu mita za mraba 475. Piga bei ya kiwanja mtaani kwenu.

Kilichotufanya tuamke, hata hivyo, hakikuwa mahubiri kukatishwa. Jumapili moja jirani yetu wa upande wa mtaani, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akituchotea maji kisimani kwake tangu siku za turubai, alifiwa na mkewe alfajiri. Wao hawalazi maiti. Saa nne walitaka kutoka kwenda makaburini, na kinjia cha kupita kwake kilikuwa kimejaa magari yetu pande zote mbili. Gari la kubebea lisingeweza kuingia hata likirudi rivasi. Nilikuwa getini. Niliona vijana wakitoka na jeneza mabegani, wakapita kwa ubavu, mmoja mmoja, na mahali pawili wakalinyanyua juu ya boneti. Hakuna aliyetutukana. Mzee alipopita alinisalimia kwa mkono.

Jumatatu tulikwenda kuhani, mchungaji akitangulia, kisha tukaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kukiri kabla hatujaitwa. Tangu siku hiyo kinjia kile hakipakiwi. Zipo koni nne na kijana wa zamu, na hata mzee wa kanisa akija na gari lake anarudishwa. Nimerudishwa na mimi.

Magari yale yalikwenda wapi? Shule ya msingi iko hatua 200 kutoka kwetu, na Jumapili uwanja wake uko wazi. Tuliandika barua kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, tukakubaliana kwa maandishi: saa, njia ya kuingilia, nani anafunga geti, nani analipa goli likivunjwa. Usharika ukatengeneza vyoo vya watoto. Msikubaliane kwa mdomo na mwalimu mkuu peke yake. Walimu wakuu huhamishwa.

Mzee mmoja kwenye kamati alikuwa na wazo rahisi zaidi: pale mbele, kando ya lami, kuna eneo kubwa limelala bure. Halijalala. Ni hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na ukimwaga kifusi humo ukakisakafia vizuri, siku ya kupanua barabara utaona alama ya X nyekundu na fidia hutaiona. Kabla ya mchoro wowote, pateni mpaka wenu kwa mpimaji.

Sakafu nayo. Wengi hukimbilia pevingi kwa sababu zinapendeza kwenye picha za harambee. Kama fedha ni za kubahatisha, anzeni na maji. Eneo lote lilale kidogo, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mfereji na si kuelekea mlango wa kanisa wala kwa jirani. Kifusi kizuri kikishindiliwa tabaka kwa tabaka kitawavusha masika. Pevingi zikija, za magari ziwe za milimita 80. Zile nyembamba za 60 ni za watembea kwa miguu, na lori la maji likizikanyaga siku moja mtaona mabonde. Juu ya shimo la maji taka msipange gari kabisa. Sisi tulipanga, mfuniko ukapasuka chini ya Coaster ya kwaya ya wageni, na sitaeleza zaidi maana wengine mnasoma mkiwa mezani. Kumbukeni pia gari la kunyonya litahitaji kulifikia shimo lile, na la zimamoto litahitaji kulifikia jengo. Njia hizo mbili hazipakiwi hata siku ya Krismasi.

Mambo madogo ambayo mchoro haukuyaonyesha: bibi anayeletwa na bajaji anahitaji pa kushukia mlangoni, penye kivuli, pasipo ngazi. Nafasi mbili karibu na mlango ziwe pana, mita 3.6, kwa kiti cha magurudumu kufunguka ubavuni. Pikipiki nne au tano zinakaa nafasi ya gari moja, basi zipewe yao, la sivyo zitajipangia zenyewe mbele ya ngazi. Na Jumamosi ya harusi haifanani na Jumapili: msafara unaingia wote kwa mpigo, nyuma yake pikapu ya matarumbeta ambayo haitaki kuzima wala kusogea. Geti likiwa kwenye ukingo wa barabara, mkia wa msafara unabaki lamini. Letu tumelirudisha ndani mita 12, na magari mawili yanaweza kusubiri bila kusumbua daladala.

Hatujamaliza. Hesabu ya vijana inasema siku za Meza ya Bwana bado tunapungukiwa nafasi 14. Kamati mpya ilitaka kukata mwarobaini. Nikawaambia mwarobaini unakula nafasi mbili lakini unabeba mnada mzima, wakacheka, wakauacha. Mwezi ujao tunamwaga kifusi nyuma ya darasa la Sunday school, nafasi 14 kamili. Safari hii nimezipima kwa futikamba, na IST yangu nimeiingiza na kuitoa mwenyewe.